Useja na Ndoa katika Mafundisho ya Kikatoliki

Useja, yaani hali ya mtu kuacha kwa hiari kuoa au kuolewa kwa ajili ya Ufalme wa Mungu, mara nyingi hudhaniwa kuwa ni hukumu dhidi ya ndoa, ilhali mafundisho ya Kanisa Katoliki yanauegemeza juu ya wema wa ndoa yenyewe, kwa kuwa kutoa kitu kisicho na thamani hakuwezi kuitwa sadaka. Mwishoni mwa karne ya 4, mmonaki Joviniani alipofundisha huko Roma kwamba mabikira na wanandoa waliobatizwa wana stahili sawa, padre na mtaalamu wa Biblia Jeromu alimjibu kwa ukali uliokaribia kuidharau ndoa, hata marafiki zake wakafadhaika, na karibu mwaka 401 Augustino, askofu wa Hippo, akaandika kutetea wema wa ndoa, akiutaja uzazi, uaminifu na sakramenti, yaani kifungo kisichovunjika. Mtaguso wa Trento (1563) ulishikilia ubora wa ubikira na useja kuliko ndoa. Lakini ubora huo, ukisomwa vyema, ni wa hali ya maisha na si wa mtu, maana mama wa watoto saba aweza kumpita mtawa kwa upendo. Useja wa mapadre, ambao wengi huuchanganya na mafundisho haya, ni jambo jingine: ni nidhamu ya Kanisa la Kilatini, wala haiwabani Wakatoliki wa Makanisa ya Mashariki, ambako mwanamume aliyekwisha kuoa aweza kupewa daraja ya upadre, ingawa maaskofu wao huchaguliwa miongoni mwa waseja.