Je, Mwili Wangu ni Wangu Mwenyewe?

Hapa Iyunga mara nyingi twasikia mtu akionywa kuchemsha maji ya kunywa, naye hujibu, "Mwili ni wangu." Twauliza, je, ni wake kweli? Tangu mwaka 1993, hospitali za serikali zilipoanza kuwataka wagonjwa wachangie gharama, jibu hilo limezidi kuwa gumu. Akilazwa kwa homa ya matumbo, ni nani alipaye? Mahindi ya mama yake yauzwa kabla bei haijapanda, na ada ya shule ya mdogo wake yaishia dirishani pa dawa. Sufuria ya maji ilitaka kuni chache tu. (Kuni nazo zina bei siku hizi, tusisahau.)

Mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg, Luther alimwandikia mchungaji Johann Hess wa Breslau. Hakuwasifu waliodharau dawa na kujitia hatarini kana kwamba ndiyo imani. Aliona wanamjaribu Mungu, tena waweza kumwua jirani kwa uzembe wao. Basi amri ya tano, Usiue, yaingia hata chooni na penye maji ya kunawa.

Lakini wengine wameligeuza neno hili kuwa fimbo, wakimwuliza mgonjwa alikosa nini. Hilo twalikataa. Yuko anawaye mikono kila siku, na saratani yampata. Mwinjilisti na awafundishe usafi walio wazima. Afikapo kitandani pa mgonjwa, aje na uji, na shilingi kama anazo.