Kabla ya Kunakili, Andika Nani Kaimba

Muziki wa familia moja ya Ryansoro, hapa Burundi, leo unaweza kuwa umetawanyika kila upande: kaseti za baba, sidii ya harusi, memori kadi za simu zilizokwisha kufa, flashi iliyojazwa nyimbo kwa malipo kwenye kibanda cha mjini Gitega, na sauti zilizotumwa kwa WhatsApp na ndugu walioko Muyinga au ng'ambo ya mpaka, Kigoma. Kuzikusanya zote kwenye seva ya nyumbani, yaani kompyuta ndogo yenye diski kubwa inayowapa wenye nyumba muziki kwenye simu zao bila kununua mega, ni kazi njema, na natamani ifanywe na wengi zaidi. Ila naona tunaianzia mkiani. Mtu akitaka kuhamisha nyimbo zake huulizia ukubwa wa diski, bei yake na programu ya kutumia. Swali linalostahili kutangulia ni jingine: huyu anayeimba ni nani, anatoka kilima gani, na aliimba mwaka gani?

Nasema hivyo kwa sababu nafasi ya kuhifadhia imekoma kuwa tatizo kubwa. Wimbo wa MP3 wa kiwango cha juu, kilobiti 320 kwa sekunde, hula takribani megabaiti 144 kwa saa. Diski ya terabaiti moja basi hubeba karibu saa 7,000 za muziki, na hata anayetaka sauti kamili ya FLAC, isiyopunguzwa chochote, atabaki na nafasi ya miaka mingi. Tatizo liko kwenye utambulisho. Programu za seva kama Navidrome hupanga nyimbo kwa kusoma maelezo yaliyofichwa ndani ya faili: jina la mwimbaji, la wimbo, la albamu, na mwaka. Sauti iliyopitia WhatsApp mara nyingi hufika na jina kama AUD-20190312-WA0004, jina linalotunza tarehe ya kutumwa na kumsahau aliyeimba. Ziko programu, kama MusicBrainz Picard, zinazoweza kuusikiliza wimbo na kuutambua zenyewe, lakini hutambua tu kile ambacho mtu fulani duniani alikwisha kukiorodhesha. Wimbo uliotoka kwenye studio kubwa utapata jina lake kwa dakika moja. Bibi aliyerekodiwa kwa simu akiimba akazehe, ile salamu ndefu ya kuimbwa ya wanawake wa Burundi, ataingizwa kwenye fungu la wasanii wasiojulikana, na humo, katikati ya maelfu ya faili, hakuna atakayemtafuta. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali yenyewe bado ipo kwenye diski, imekamilika, inachezeka.

Burundi ina ushahidi wake wa jambo hili, nao umesikika dunia nzima. Mwaka 1967 wapiga ngoma wa nchi hii walirekodiwa, na Ocora ya Ufaransa ikaitoa rekodi hiyo kwenye santuri. Mwaka 1971 mwanamuziki Mfaransa Michel Bernholc aliichukua sauti ile, akaiwekea piano na vyombo vingine, ikatoka kwa jina la "Burundi Black" na kuingia kwenye chati za Uingereza. Mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell aliitumia katika wimbo wake "The Jungle Line". Miaka ya 1980 ilipoanza, mapigo yale yale yalizichochea bendi za Adam and the Ants na Bow Wow Wow. Jina la Burundi lilisafiri, la wapigaji halikusafiri. Watu wale walikuwa na baba zao, vilima vyao na ufundi waliorithishwa, lakini msikilizaji wa London alipewa jina la nchi tu. Wakati UNESCO inaiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi kwenye orodha ya urithi wa binadamu, mwaka 2014, sauti ile ilikwisha kuzunguka bila wenyewe kwa zaidi ya miaka 40. Mara nyingi hasira zetu tunazielekeza kwa wageni waliochukua, na wanastahili sehemu ya hasira hizo. Lakini mhamishaji wa leo anayemwaga nyimbo elfu kumi kwenye seva bila kuuliza za nani anarudia kosa lile lile ndani ya nyumba yake.

Wapo pia waliofanya vizuri, nao ni ushahidi wa upande wa pili. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipopita Ruanda-Urundi mwaka 1952 na mashine zake za kurekodi, aliandika kadi kwa kila alichokirekodi: waimbaji, mahali, lugha, chombo. Rekodi hizo leo ziko kwenye maktaba ya ILAM huko Afrika Kusini, na kinachowawezesha watu kuzitumia ni zile kadi. Makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji yalipohamishia rekodi zao za Afrika ya Kati kwenye kompyuta, katika mradi ulioitwa DEKKMMA, kazi haikuishia kwenye kugeuza kanda kuwa faili. Maelezo ya watafiti yalibidi yaingizwe pamoja na sauti, ili anayetafuta ala kama inanga au ikembe aipate. Inauma kwamba mtu wa Gitega anayetaka kusikia sauti za zamani za nchi yake aelekezwe Ubelgiji, lakini utaratibu wenyewe ni wa kuiga.

Katika kuandika mahali, kuna tahadhari moja ya kwetu. Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi ilikunjwa ikawa mitano, na komine 119 zikawa 42. Muyinga si mkoa tena, imeingia mkoa mpya wa Buhumuza. Lebo inayosema "Muyinga" peke yake itamchanganya mjukuu, asijue kama ulikusudiwa mji au mkoa wa zamani. Kilima hakihami. Andika kilima kwanza, kisha ngazi nyingine kwa jina lililotumika wakati wa kurekodi.

Watasema wengine kwamba haya yote ni bure kwa kuwa nyimbo zote ziko YouTube. Sivyo. Zilizoko huko ni zile ambazo mtu alizipandisha, na zinakaa kwa hiari ya mwenye nyumba. Mwaka 2019 tovuti ya Myspace ilikiri kwamba muziki uliowekwa kwake hadi mwaka 2015, unaokadiriwa kuwa zaidi ya nyimbo milioni 50, umepotea wakati wa kuhamisha seva. Wengi waliokuwa na nakala moja tu, ile ya huko, hawakuwa na pa kukimbilia. Tukio hilo linatuonya sisi pia: anayehamisha asifute kadi wala kaseti ya awali mpaka awe na nakala mbili kwenye vifaa tofauti, na awe amezisikiliza.

Pingamizi la umeme ni zito zaidi, kwa kuwa nyumba nyingi za vijijini Burundi hazina nyaya za umeme. Lakini kompyuta ndogo ya aina ya Raspberry Pi hutumia wati chache tu, na paneli ya jua yenye betri huweza kuiendesha. Si lazima kila nyumba iwe nayo. Shule, parokia au msikiti unaweza kutunzia kilima kizima. Kuhusu haki za wasanii, kutunza si kuuza, na jina lililoandikwa vizuri ndilo linalomwezesha msanii au warithi wake kwenda kudai chao OBDA, ofisi ya haki za watunzi nchini.

Linabaki la muda. Ni kweli, kuandika majina ya nyimbo elfu kumi kutachosha, ndiyo maana naona upangaji uanzie pale ambapo mjuzi amebaki mmoja. "Sambolera" ya Khadja Nin, ya mwaka 1996, inaweza kusubiri miaka kumi na maelezo yake yatakuwa bado yapo. Kaseti ya mpiga inanga ambaye ni mzee mmoja tu wa kilimani anayemkumbuka haiwezi kusubiri. Achezewe kaseti hiyo, aulizwe, na lolote asilo na hakika nalo liandikwe hivyo hivyo, kwamba hana hakika, kwa sababu jina la kubahatisha likishaingia kwenye faili hunakiliwa pamoja nayo kila iendako.