Mamba Aliyepakwa Rangi Akiwa Mbichi

Kijana mmoja wa mtaa wa Mulongwe, mjini Uvira, alikuwa na mkono mwepesi wa kutengeneza wanyama kwa karatasi. Mifupa aliisuka kwa waya, akaifunika kwa vipande vya katoni, kisha akamalizia kwa rojo: karatasi zilizolowekwa usiku kucha, zikatwangwa, zikakamuliwa, zikachanganywa na uji wa muhogo. Rojo ndilo ngozi ya mnyama. La kiboko hupakwa jembamba na kulainishwa kwa mgongo wa kijiko kilicholowa maji. La mamba huwa zito, ili magamba yachongwe kwa kisu kabla halijakauka. Na magamba lazima yafanane, maana watu wa kaskazini mwa Ziwa Tanganyika hawadanganyiki kuhusu mamba. Gustave, yule mamba wa mto Ruzizi aliyepewa jina na Mfaransa Patrice Faye, aliwafundisha vya kutosha.

Desemba akaagizwa mamba mkubwa wa Noeli. Mvua ilikuwa haikatiki. Rojo lilipokuwa jepesi mno, badala ya kulikamua alilimiminia unga mkavu wa muhogo hadi likashikana. Jirani yake, mama muuza ndagala, alimwona.

“Mwanangu, unga mbichi haushiki kitu. Upike kwanza.”

“Mama, hapa hatusongi ugali,” akajibu akicheka.

Mama alikuwa sahihi. Wanga wa muhogo huwa gundi ukipata joto la nyuzi 60 hadi 70 hivi, ukavimba na kuvutika. Ukitiwa mbichi hunywa maji tu, hulipa rojo uzito wa uongo, kisha hubaki humo kuwa chakula cha kuvu na mende.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Alipaka rojo lote kwa mkupuo mmoja, unene wa vidole viwili, akamweka mamba kando ya mbabula. Juu pakakauka na kuwa pagumu. Ndani maji yakabaki. Kesho yake akapaka rangi ya mafuta, akaziba njia ambayo maji yangetokea.

Kabla Januari haijaisha tumbo lilivimba, rangi ikabanduka, kuvu nyeusi ikajitokeza kwenye mishono ya miguu, na panya wakatafuna pua. Mteja akadai fedha zake, nazo zilikwisha kuliwa.

Simlaumu kwa kukosa gundi ya dukani. Uji wa muhogo ulioiva unatosha kabisa. Chumvi ambayo wengine huongeza kuzuia kuvu ndiyo ningeiacha, kwa kuwa huvuta unyevu, na hewa ya ziwani tayari inao wa kutosha.

Yule mama ndiye aliyemwazima mizani ya ndagala. Sasa kijana hupaka tabaka jembamba, kisha humpima mnyama kila asubuhi. Uzito ukiendelea kushuka, maji bado yanatoka. Ukisimama asubuhi mbili mfululizo, ndipo huongeza tabaka jingine au hushika brashi ya rangi. Mamba wakubwa huwatengeneza wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, na agizo la Noeli likimfikia Desemba hulikataa.