Tusiwadanganye watoto, hata kwa kifo cha paka

Wiki hii uniwie radhi, sitazungumzia mambo makubwa ya umma. Nitazungumzia paka.

Mwezi wa Juni, shule zilipofungwa, nilifunga safari kutoka Dar es Salaam hadi Songambele, Wilaya ya Kyerwa, kule Kagera, kumjulia hali mdogo wangu anayelima kahawa na migomba. (Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012.) Mdogo wangu ana mtoto wa kiume wa miaka sita, na mtoto huyo alikuwa na paka aitwaye Simba. Paka mwenyewe alifugwa kwa kazi, kulinda maharage yasiliwe na panya, lakini mtoto hakujua habari za maharage. Akila, Simba anakula. Akilala, Simba yuko miguuni.

Siku ya tatu, baada ya swala ya alfajiri, tulimkuta Simba amekufa nyuma ya jiko. Tulidhani amekula panya aliyekula sumu. Mtoto alikuwa bado amelala. Mdogo wangu akamtia paka kwenye mfuko akaenda kumtupa bondeni, na mimi, mkubwa wao, mtu ninayesimama mbele za watu kuwawaidhi, nikajitolea kutoa maelezo. Nilimwambia mtoto kuwa Simba amesafiri.

"Atarudi lini?"

"Atarudi tu, mwanangu."

Kwa siku mbili yule mtoto aliweka maziwa kwenye kisosi mlangoni. Shemeji aliyamwaga usiku ili ionekane yamenyweka. Hivyo uongo wangu ukawa umezaa wa pili, na mama wa watu nikawa nimemtia ndani yake.

Siku ya kuondoka kwangu mtoto aliona begi. "Baba mkubwa, unakwenda wapi?" Nikajibu bila kufikiri, "Nasafiri." Aliishika kanzu yangu kwa mikono miwili akapiga yowe ambalo majirani walikuja kuliuliza. Kumbe alikuwa ameshaelewa kuwa anayesafiri harudi. Alichokosa ni mtu mzima mmoja wa kumwambia ukweli.

Nauli ya basi niliisamehe. Nilikaa pale siku nzima nikiwaza Hadithi ambayo nimeisoma darasani mara nyingi na kuwachekesha watu nayo, nisiifanyie kazi hata mara moja.

Anas bin Malik (r.a.), aliyemhudumia Mtume (s.a.w.) miaka kumi, alikuwa na mdogo wake kwa mama, mtoto wa Ummu Sulaym na Abu Talha. Aliitwa Abu Umayr. Mtoto huyu alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea, nughayr. Mtume (s.a.w.) alikuwa na desturi ya kuingia nyumbani kwao. Siku moja akamkuta mtoto ana huzuni, akauliza ana nini, akaambiwa ndege wake amekufa. Basi akamgeukia mtoto mwenyewe, akamwita kwa kuniya yake kama anavyoitwa mtu mzima mwenye heshima, akamuuliza huyo nughayr amepatwa na nini, kwa maneno mawili yenye vina ambayo mtoto angeweza kuyashika. Hadithi hii imo kwa Bukhari na Muslim, na habari ya ile huzuni imo kwa Abu Daud.

Hebu tuangalie aliyekuwa akiuliza. Ni kiongozi wa dola, mwenye wahyi, mwenye wajumbe wanaomsubiri. Na katika riwaya hiyo hakumwambia mtoto kuwa ndege amesafiri. Hakumwambia anyamaze, mwanamume halii. Wala hakuna ahadi ya kununuliwa ndege mwingine kesho, ambayo sisi wa mjini ndiyo dawa yetu ya kwanza: sungura akifa Ijumaa, Jumamosi tuko sokoni. Alimtaja marehemu kwa jina lake na akamwacha mwenye msiba aseme.

Zamani alitokea mtu aliyewabeza wanachuoni wa Hadithi kuwa wanapokea mambo yasiyo na faida, akatolea mfano Hadithi hii ya ndege. Mwanachuoni wa Kishafii, Ibn al-Qass, aliyefariki mwaka 335 Hijria, akamjibu kwa kuandika kijitabu kizima, akitoa faida zipatazo sitini katika Hadithi hiyo moja. Mimi nilikuwa nimeshindwa hata na moja.

Na kuhusu uongo tusijifariji kuwa ni kwa watoto tu. Abdullah bin Amir (r.a.) alisimulia kuwa mama yake alimwita, yeye akiwa mdogo, aje ampe kitu. Mtume (s.a.w.) alikuwa hapo, akamuuliza mama alitaka kumpa nini. Akasema, tende. Akaambiwa kuwa lau asingempa chochote angeandikiwa uongo. Hiyo ni tende moja. Mimi nilikuwa nimeahidi ufufuo wa paka.

Baada ya isha nilikaa naye barazani, baba yake akiwepo, nikamwambia: Simba amekufa. Mwili wake umesimama, hali, hasikii maumivu, na hatarudi. Mimi nilikudanganya, nisamehe. Mzee mmoja wa jirani alicheka, baba mkubwa kumwomba radhi mtoto kwa ajili ya paka. Acha acheke.

Mtoto alilia, kisha akauliza lile ambalo sikulitarajia. "Ni kwa sababu nilimvuta mkia?" Ndugu msomaji, mtoto wa umri huo akiachwa peke yake na jambo asiloelezwa hujitafutia mkosaji, na mara nyingi hujipata yeye. Nikamwambia hapana, mkia hauui. Akauliza kama amekufa kama bibi. Nikasema ndiyo. Akataka tukamzike na tumswalie. Hapo ndipo baba yake alipoinamisha kichwa, kwani siku tatu zilikuwa zimepita na bondeni hapakuwa na kitu cha kuzika. Kwa uongo wetu tulimnyima mtoto hata kutia udongo. Mdogo wangu naye akaomba msamaha. Kuhusu swala nikamweleza kuwa swala ya jeneza imewekwa kwa wanadamu, na Simba hana dhambi ya kuombewa.

"Nitamuona peponi?" Sikutaka kusema uongo wa tatu. Nikamwambia Allah (s.w.) ametufahamisha katika Suratul An'aam kuwa wanyama ni umma kama sisi na kwa Mola wao watakusanywa, na katika Suratuz Zukhruf kuwa watu wa peponi watapata kinachotamaniwa na nafsi zao. Kwa hiyo wewe fanya bidii ufike, ukifika uombe unachotaka. Akatikisa kichwa, akaona ni mapatano ya haki.

Kisha nilimpa maneno ya Ummu Sulaym, mama wa yule yule mwenye ndege. Wapo wanachuoni wanaosema kuwa mtoto wake aliyefariki katika Hadithi mashuhuri ni huyo huyo Abu Umayr. Mama alimsubiri Abu Talha ale na apumzike, kisha usiku ule ule akamuuliza: watu walioazima kitu, mwenyewe akikitaka, wana haki ya kukataa? Akajibu hapana. Ndipo akamwambia habari ya mwanawe. Mtoto wa Songambele alielewa kuazima upesi kuliko nilivyodhani. "Kwa hiyo Simba alikuwa wa Allah, sisi tulipewa tukae naye."

Nimerudi mjini. Juzi nilipiga simu, na badala ya kumuuliza habari za shule nikamuuliza habari za Simba. Alianza na siku Simba alipoangukia kwenye sufuria ya uji, akaenda hadi vita vyake na jogoo wa jirani, na alikuwa hajafika mwisho salio langu lilipokatika.