Nani, au Kina Nani?

Ng'ombe wakiibwa Burat, swali la kwanza huwa si "nani?" Huwa ni "kina nani?" Na jibu linatoka kabla vumbi halijatulia: ni wale. Burat ni wadi moja tu ya Isiolo, lakini wanaishi humo Waturkana, Waborana, Wasomali, Wasamburu na Wameru, na kila kundi lina "wale" wake.

Naona maneno haya mawili, nani na kina nani, ndiyo yanayotenganisha haki na kisasi. Mambo mengine yote ya polisi na korti, zile tarehe, pingu, dhamana na mawakili, yanalizunguka swali hilo moja.

Tuseme ng'ombe thelathini wametolewa bomani usiku. Asubuhi nyayo zinafuatwa. Zikiingia manyatta fulani na zisitoke upande wa pili, basi, kazi imeisha: manyatta ile imeiba. Kuna hekima hapo, maana mchungaji anasoma ardhi kuliko mpelelezi yeyote. Lakini nyayo zinakufikisha kwenye manyatta, hazikufikishi kwa mtu. Ndani ya manyatta ile kuna mama aliyekuwa amelala, kuna mzee asiyeona vizuri, na kuna mtoto wa miaka kumi na mitatu ambaye kesho atapeleka mbuzi malishoni. Kisasi kikija, humkuta huyo wa mbuzi, kwa sababu ndiye aliye porini peke yake.

Watu wa pwani husema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Huku kwetu samaki ni wachache, lakini methali yenyewe tumeipokea kwa mikono miwili.

Mahakama ya Isiolo haiwezi kuwashtaki "wale". Karatasi ya mashtaka ina nafasi ya jina, na lazima ijazwe. Mwenye jina hilo, kwa kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010, aambiwe mara moja kwa lugha anayoielewa kwa nini amekamatwa. Anaweza kunyamaza. Afikishwe kortini ndani ya saa 24, na kama saa hizo zinaishia wikendi, basi siku ya korti inayofuata. Kifungu cha 50 kinasema hana hatia mpaka ithibitishwe, na asiyeelewa lugha ya korti apewe mkalimani bila malipo. Wizi wa mifugo, kwa kifungu cha 278 cha Sheria ya Adhabu, unaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 14. Kwa miaka mingi namna hiyo, lazima awe ni yeye, si mtu wa kwao.

Mwenye ng'ombe akisikia haya anasaga meno. "Mwizi ana haki ya kunyamaza? Na mimi nina haki ya nini?" Si swali la kupuuzwa. Watoto wake walikunywa maziwa jana, leo hawana. Amekwenda kituoni, ameandikisha OB, ameambiwa gari halina mafuta. Halafu anamwona kijana anayemshuku akitoka kwa dhamana, akipita sokoni kama bwana harusi.

Wengi wetu tuliijua haki ya kunyamaza kupitia filamu za Marekani, pale polisi anapomfunga mtu pingu huku akimkariria haki zake. Maneno yale yalitokana na kesi ya Ernesto Miranda, aliyekamatwa Phoenix, Arizona, mwaka 1963. Alihojiwa, akakiri, akatia sahihi, na hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kukaa na wakili kabla ya kujibu. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema ungamo lile lisitumike. Watu huishia hapo na kusema: ona, sheria inawaachilia wahalifu. Lakini mwaka 1967 Miranda alishtakiwa upya, bila ungamo lile, na akapatikana na hatia tena. Haki ya kunyamaza haikumfungulia mlango wa jela. Iliwalazimisha walioshtaki watafute ushahidi usiotoka kinywani mwake.

Sheria yetu ya Ushahidi nayo inakataa ungamo lililotolewa kwa mpelelezi mwenyewe wa kesi. Lazima awe hakimu au jaji, au afisa mwingine wa cheo, na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa awepo. Ukiwa Nairobi unaweza kuliona hilo kama mapambo ya mawakili. Burat ni jambo la uhai. Kijana akichapwa usiku kucha atataja jina. Atataja jina lolote. Na jina lolote, Burat, lina ukoo nyuma yake.

Wala tusidhani serikali ikipewa "kina nani" itaitumia vizuri kuliko sisi. Wakoloni walikuwa na sheria ya adhabu ya pamoja tangu 1909: jamii nzima ilitozwa faini kwa kosa la wachache. Uhuru ukaja, na kabla mwezi wa Desemba 1963 haujaisha tukawekewa hali ya hatari. Wazee wa Kiborana wa Isiolo huuita wakati ule gaf daba, zama za kuzuiliwa. Watu na mifugo walifungiwa kambini, kama kule Garba Tulla, na mifugo ikafa mbele ya macho ya wenyewe. Hakuna aliyeulizwa ametenda nini. Ukiwa wa kabila fulani, mahali fulani, ulikuwa shifta. Halafu mwaka 1970 Bunge likapitisha Sheria ya Kinga, kuwazuia watu wasiwashtaki maafisa kwa yaliyotendwa kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967. Isiolo ilikuwa ndani ya eneo hilo. Kwa hiyo aliyepigwa hakuwa na jina, na aliyepiga pia hakuwa na jina.

Je, turudi kwa wazee? Azimio la Modogashe la 2001, lililofikiwa na wazee na viongozi wa kaskazini, Isiolo ikiwemo, liliweka fidia: mwanamume akiuawa, ngamia au ng'ombe 100, mwanamke, 50. Siwadharau wazee. Ngamia anakamwa, hukumu ya miaka 14 haikamwi. Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inataka mahakama zikuze njia za jadi za kusuluhisha. Mwaka 2013 Mahakama Kuu Nairobi ilikubali kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kulipana kwa desturi zao.

Lakini tazama nani analipa. Ukoo mzima. Mwenye kosa labda anatoa mnyama mmoja, wengine wanajazia, na jina lake linazama ndani ya hesabu. Msimu ujao anarudi porini na bunduki ile ile. Na yule mwanamke wa nusu bei, nani alimuuliza?

Msimamo wangu ni huu: jina kwanza, ng'ombe baadaye. Wazee walipe, na walipe haraka, lakini aliyeiba asimame atajwe. Na korti isiridhike na kifungo peke yake, kwani sheria inairuhusu kuamuru fidia pia. Haki inayomwacha mwenye ng'ombe na boma tupu haitapata mashahidi.

Hapo ndipo penye uzito. Kila kesi ya mifugo inamngoja mtu mmoja wa "wale" ainuke kizimbani aseme: ni fulani, mwana wa fulani, nilimwona. Kwa ukoo wake huyo ni msaliti. Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi iko tangu 2006, lakini mtu wa Burat atafichwa wapi, yeye na mbuzi wake? Tunamwomba abebe peke yake mzigo ambao kisasi humtwika kila mtu kidogo kidogo.

Hata hivyo, yeye ndiye anayewakomboa watu wake. Akitaja jina moja, wengine wote wameondolewa deni, na yule mtoto wa mbuzi anaweza kupita bondeni. Tukiendelea kulaumu korti kwamba inawaachilia wezi, tujiulize pia ni mara ngapi faili lilifika kwa hakimu bila shahidi, na ni wangapi kati yetu walijua jina wakajibu: ni wale.