Nani Anayejitolea?



Binti mmoja aliyelelewa katika mtaa wetu, na ambaye sasa anafanya kazi Uingereza, alinipigia simu kabla ya Kwaresima. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akanipa swali ambalo limenikaa moyoni hata leo. Kuna chama huko kinachopeleka watu Guyana, Amerika ya Kusini, wakae wiki tatu katika kijiji cha Wamakushi, wenyeji wa misitu na mbuga za Rupununi, wajifunze vyakula vya asili na mapishi yake. Wanaokwenda huitwa watu wa kujitolea, nao hujilipia nauli na gharama zote. "Mwalimu," akaniuliza, "mimi nitakuwa ninajitolea nini, ikiwa nakwenda kula na kufundishwa?"

Nilitaka kumjibu papo hapo, ndiyo desturi yetu walimu. Nikajizuia, nikaomba siku chache.

Kwanza yafaa tujue anakwenda kujifunza nini, maana wengine watasema kupika si elimu ya kuvukia bahari. Chakula kikuu cha watu wale ni muhogo mchungu, wenye sumu ya sianidi. Wanawake huumenya, huukuna, kisha huujaza katika matapi, yaani kikapu kirefu chembamba kilichofumwa kama mkono wa kanzu. Huitundika juu, na chini hupitishwa mti ambao mtu huukalia. Kikapu huvutika, hubana, na maji yenye sumu hutiririka ndani ya chombo. Machicha huchekechwa, yakaokwa juu ya chuma bapa kuwa mkate mpana. Na maji yale hayamwagwi! Huchemshwa kwa muda mrefu, sumu ikatoka pamoja na mvuke, hata yakawa mchuzi mzito mweusi uitwao kasaripu. Huo hutiwa katika nyama na pilipili, na chungu kikichemshwa tena kila siku, nyama hukaa siku nyingi bila kuharibika. Leo watu wa Guyana wa kila rangi hula kitoweo hicho asubuhi ya Krismasi.

Sasa, muhogo tunaoula sisi asili yake ni huko Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta Afrika kutoka Brazili katika karne ya 16. Babu zetu nao walibuni njia zao za kuondoa uchungu: kuuloweka, kuuvundika, kuuanika juani. Ndiyo makopa ya kusini na udaga wa kanda ya Ziwa. Lakini njia hizi zote zahitaji siku, na njaa haingoji. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 huko Nampula, Msumbiji, walipooza miguu kwa sababu ya muhogo mchungu ambao haukuandaliwa kwa muda wa kutosha, nao hawakuwa na kitoweo cha kuusaidia mwili kupambana na sumu. Wengi walikuwa watoto na akina mama. Mwaka 1985 ugonjwa huo huo, uitwao konzo, ulionekana Tarime kwetu. Aliyepooza hivyo haponi. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba maarifa ya jikoni ni mambo madogo.

Hapa sina budi kukiri jambo. Mwaka 1982, nikiwa nimetoka chuo cha ualimu, nilipangiwa shule moja katika mkoa wa Mtwara, nikafundisha sayansi kimu. Nilikuwa na kitabu changu, nami niliwaandikia wasichana ubaoni namna ya kuoka keki ya mayai manne, wakati hapakuwa na jiko la kuokea kijiji kizima. Nikawaambia pia kwamba makopa ni chakula cha njaa. Bibi mwenye nyumba niliyokaa alikuwa akianika makopa uani kila siku, akiyageuza, akivunja kipande na kukionja kwa ncha ya ulimi. Mjukuu wake alikuwa darasani mwangu, na bila shaka alimfikishia maneno yale. Jioni ile bibi alinipakulia ugali kama kawaida, wala hakusema neno. Nilikaa kwake miaka miwili. Sikumwuliza hata mara moja anatafuta nini kwa ulimi.

Basi nilimjibu binti yetu hivi. Mwenye kujitolea katika safari hiyo, kwa sehemu kubwa, ni mama wa Kimakushi atakayepoteza siku yake ya kazi kumsimamia mgeni asiyejua kushika kisu. Hata sisi tulipokwenda mazoezi ya kufundisha tulijiona tunawapa watoto elimu, kumbe watoto wa darasa la tatu ndio waliotoa masomo yao tujifunzie. (Sijapata kuwashukuru.) Kama chama kinamwita yeye mtoaji, na mama yule hana fungu katika fedha zile, jina hilo si la haki. Kwa hiyo aulize, kabla ya kulipa, mama yule anapata nini. Aulize pia kama kijiji kimeridhia, kwa maana sheria ya Guyana ya mwaka 2006 humtaka mgeni apate ruhusa ya Baraza la Kijiji. Na akirudi London akafungua mgahawa, akumbuke mapishi yale ni ya nani.

Lakini sikumkataza. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; huyu anaomba jembe mwenyewe, na kukubali kuwa mjinga mbele ya mwanamke ambaye pengine hajasoma sana ni kujitolea pia, ingawa ni kwa uchache. Mimi nilishindwa.

Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akaniuliza, "Na yule bibi, Mwalimu?"

Alikwisha kufariki. Baada ya Pasaka nilipanda basi nikaenda kwa binti yake, naye sasa ni mzee kama mimi, nikamweleza nilichofuata. Alicheka mpaka akafuta machozi, akanipa kigoda, kisu, na fungu la muhogo wa kumenya.