Asilimia 30

Pikipiki ya petroli ikiishiwa njiani, utaletewa mafuta kwa chupa ya soda. Ya stima ikiishiwa, hakuna chupa. Ndiyo maana mwanaboda wa Muthara anayesema "tutafika tu" na chaji ni asilimia 30 anakopesha usiku wa mwenzake. Kilomita alizotajiwa akinunua hazikuhesabu mlima wa Nyambene, abiria wawili na gunia la miraa. Je, ni lazima aseme chaji iliyobaki? Naona ni lazima, hata abiria akihamia boda ya petroli (na atahama, tusidanganyane). Atakayekwama gizani na mtoto mgonjwa ndiye mwenye haki ya kuamua. Mwanaboda atajitetea kwamba mteremko hurudisha chaji. Kidogo, ndiyo. Lakini abiria anapanda.